Kulisha familia vizuri na hela kidogo hapa Malindi: anza hivi

Kila nikikaa na watu maswali ni yaleyale. Nitalishaje watoto na hela ya kibarua, nyama imepanda nifanyeje, mtoto hali mboga, mbona mwisho wa mwezi tunabaki na sima na chai tu. Basi nimeyaandika yote mahali pamoja, we soma mpaka mwisho alafu anza kesho asubuhi na hicho ulicho nacho, usingoje mshahara.

Jambo lenyewe kubwa ni moja na mengine yote yanatoka hapo: hela ikiingia mkononi nunua kitoweo na majani kwanza, unga na mchele baadaye. Wengi tunafanya kinyume. Tunanunua unga, mafuta, sukari, majani ya chai, mkate, hela ishaisha, kitoweo tunasema tutaona jioni, na jioni yenyewe inakua sima na mchuzi wa nyanya mbili. Mtoto analala ameshiba lakini mwili haujapata cha kujengea. Alafu tunasema chakula kizuri ni cha matajiri, na huku pojo (ndengu), kunde, dagaa na mchicha viko hapo hapo sokoni.

VITU VYA KUA NAVYO KABLA HUJAANZA

Sio vingi na vingi unavyo tayari.

- Daftari na kalamu, hata la mtoto la shule lililobaki kurasa.
- Ndoo mbili tatu zenye vifuniko vinavyobana, za kuweka nafaka.
- Sufuria moja kubwa yenye kifuniko chake, sio sinia ya kufunikia.
- Mbuzi ya nazi na kifumbu au chujio.
- Kikapu kikubwa na blanketi kuukuu, utaona kazi yake hatua ya 5.
- Gunia au madebe mabovu na mchanga wenye samadi.
- Chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina iodini. Hili nalisisitiza manake sisi tuko karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni na mtu anaona kheri achukue ile ya mawe ya bure, lakini ile haijatiwa iodini, na iodini ikikosekana watu wanaota rovu (uvimbe wa shingoni) na akili ya mtoto tumboni inaathirika. Kwenye chumvi usibane.

HATUA YA 1: Andika kila shilingi ya chakula kwa wiki moja

Usibadilishe chochote wiki hio, andika tu. Chai ya kibandani, maandazi ya asubuhi, soda, krisps za mtoto, ile sukari ya kupima kila siku. Wiki ikiisha jumlisha vitu visivyojenga mwili peke yake. Sikwambii uache chai, lakini ukiona sukari na soda zimepita kitoweo kwenye daftari lako mwenyewe huhitaji mtu wa kukuhubiria.

HATUA YA 2: Gawa hela kwa mafungu, kitoweo mbele

Bei zinapanda na kushuka kwa hivo shika mgao. Katika kila mia ya chakula jaribu 40 iende kitoweo (kunde, pojo, maharagwe, dagaa, samaki, mayai), 25 majani na matunda, na 35 ibaki kwa unga, mchele, muhogo, mafuta na sukari. Utasema 35 haitoshi. Itatosha ukihamia kwenye muhogo, viazi vitamu na mahindi ya kusagisha, badala ya kula mchele na mkate siku saba.

Kuhusu unga watu wanabishana sana. Mahindi ukinunua kavu ukapeleka kwenye mashine unapata unga mwingi zaidi kwa hela ileile, na ukisema usikobolewe unabaki na ganda lake ambalo lina faida tumboni. Wa pakiti nao kisheria unatakiwa utiwe vitamini na madini tangu 2012. Mimi nasema mchana wa kawaida kuleni wa mashine, na kwa mwenye mimba au mtoto mdogo, wa pakiti ukiupata si hasara.

Onyo: mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yananuka uvundo usinunue hata kama ni nusu bei, wala usichambue ukasema mazima nitakula. Sumu ya ule ukungu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 kule Ukambani watu zaidi ya mia moja walikufa kwa mahindi ya namna hio.

HATUA YA 3: Vikavu nunueni pamoja

Ukinunua pojo kwa kipimo cha siku unalipa zaidi kuliko mwenye duka alivyonunua, na unalipa hivo kila siku. Tafuta majirani watatu wanne mnaoaminiana, mchange, mtu mmoja aende akachukue gunia la pojo au kunde kwa jumla mgawane kwa mizani. Msinunue kwa maneno ya mdomo, kila mtu aandikwe ametoa ngapi amepata kilo ngapi, ujirani mwingi umeharibika kwa kilo mbili za maharagwe.

Ikifika nyumbani anika juani siku moja, mimina ndoo, funga. Nafaka ikilala na unyevu wa hapa pwani wiki mbili tu vidudu vishaingia.

HATUA YA 4: Jua msimu wa bahari kabla hujaenda kununua samaki

Hapa nitakaa kidogo manake ndipo hela nyingi inapotelea.

Mwaka wetu una sura mbili. Kaskazi, kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki wanashuka kwa wingi, wageni wapo hotelini na vibarua vipo. Ikiingia kusi, Aprili kuendelea, bahari inachafuka, mvua ya masika inapiga, vyombo vidogo vinakaa pwani na hoteli nyingi zinapunguza watu. Kwa hivo mfuko unapungua wakati uleule samaki anapanda bei. Kila mwaka iko hivo na kila mwaka tunashtuka kana kwamba ni jambo jipya!

Basi fanya hivi. Kaskazi kula samaki wa fungu, na ukipata wengi wa bei nzuri weka ng'onda, yaani samaki wa kukausha na chumvi. Mpasue mgongoni mpaka afunguke kama kitabu, toa matumbo na damu yote ile nyeusi ya kwenye uti, osha, paka chumvi vizuri mpaka ndani ya zile nyama za kichwani, mlaze usiku mmoja kwenye chombo kinachochuruza maji, asubuhi mtandaze juu ya uchaga sio chini mchangani. Mfunike na chandarua nzi wasitue. Siku mbili tatu za jua kali anakauka. Jioni muingize ndani, umande unaharibu. Akikauka vizuri ukimkunja hatoi maji na hanuki uvundo, weka kwenye kikapu penye hewa. Kabla ya kupika mloweke umwage maji mara mbili chumvi ipungue, na mwenye presha asile ng'onda kila siku.

Kusi ndio wakati wa ng'onda, dagaa wakavu, kunde na pojo. Na mvua hizo hizo za masika ndizo zinaotesha mchunga na mnavu kila upande, kwa hivo majani yanakua rahisi wakati samaki ni ghali.

Vitu vya kuangalia ukinunua samaki mbichi:

Macho yawe yamejaa na yanang'aa, mashavu mekundu, ukimbonyeza nyama irudi. Samaki wadogo, tafi na vibua, ni bei nafuu kuliko changu mkubwa na kwa mwili wako ni samaki vilevile. Uliza vichwa. Wale wakubwa wanaokatwa minofu kwenda mahotelini vichwa vyao vinabaki na vinauzwa rahisi, na kichwa cha kolekole kina nyama ya kutosha mchuzi wa watu wanne.

Onyo: jodari na vibua waliokaa juani usichukue hata kama muuzaji ni rafiki yako. Wanafanya sumu inayowasha mwili, uso unakua mwekundu na kichwa kinauma, na ukikaanga haiondoki. Na bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu, usimguse kabisa.

Dagaa nao wana jambo la peke yao. Wanaliwa na mifupa kwa hivo mtoto anapata madini ya mifupa na meno pamoja na protini, wala huhitaji friji. Wa bahari au omena wa ziwani wote sawa. Chambua mchanga, osha maji ya moto haraka, kausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wanukie, alafu ndio kitunguu, nyanya na ndimu. Wale wanaosema dagaa wananuka mara nyingi wamewatia kwenye mchuzi bila kuwakausha kwanza.

HATUA YA 5: Loweka usiku, pika mara moja, funika blanketi

Bei ya kunde sio bei ya dukani peke yake, kuna makaa au gesi inayoivisha. Kwa hivo:

a) Maharagwe, kunde na mbaazi kavu loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji. Pojo hazihitaji, ukitaka loweka saa mbili tatu.

b) Chemsha kwa moto mkali na kifuniko. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu hasa, dakika 20 au zaidi, manake yakiliwa mabichi mabichi yanatapisha na kuharisha.

c) Yakishachemka hivo funga sufuria na kifuniko chake, itie kwenye kikapu ulichotandika blanketi, ifunike juu na pembeni kote, ondoka. Saa tatu nne utakuta yameiva au yamebaki kidogo sana bila makaa kuwaka. Rudisha jikoni yachemke tena ndio uyaunge. Ukifunuafunua kuangalia joto linatoka na kazi yote bure.

d) Chemsha ya siku mbili kwa pamoja, bila chumvi, bila nyanya, bila nazi.

HATUA YA 6: Nazi, na ile ya kesho toa kabla

Nazi moja kwa sufuria ya watu sita inatosha ukiikuna vizuri. Kamua tui la kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo tu, kikombe kimoja, weka pembeni. Rudia na maji zaidi upate tui jepesi, hilo ndilo la kupikia.

Mfano wa pojo, nusu kilo kwa watu sita: chemsha pojo mpaka zianze kupasuka. Gawa sufuria mbili, ya leo na ya kesho. Ya kesho iache kavu kavu bila kuungwa, funika, jioni ichemshe tena na uiache palepale usiitie mwiko. Ya leo tia kitunguu, nyanya, pilipili mbichi nzima isiyopasuka, bizari kidogo, chumvi na lile tui jepesi, iache ichemke taratibu. Mwisho kabisa, moto umepungua, mimina tui zito huku unakoroga kwa upawa ukilichota na kulimwaga, ukiona linaanza kutoa mapovu pembeni ya sufuria tu, epua. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta huku maji kule.

Kwa nini ugawe kabla ya nazi? Kwa joto letu chakula cha nazi kilichopikwa mchana asubuhi kishachacha. Watu wanamwaga sufuria nzima na wanasema kupika kwingi ni hasara. Hasara inatoka kwenye tui.

HATUA YA 7: Majani kila siku, na kitu cha ukali

Mchicha, majani ya kunde, kisamvu, mronge, mchunga, sukuma, chochote kilichopo. Osha kabla ya kukata, pika dakika chache na maji kidogo, usiyamwage. Mchunga tu ndio unaruhusiwa kuchemshwa na kumwagwa maji, uchungu upungue. Kisamvu nacho kitwange na kukichemsha sana bila kifuniko, kibichi kina sumu kama muhogo mchungu.

Alafu weka kitu chenye ukali mezani, ndimu, embe bichi, ukwaju, au unga wa mabuyu kwenye uji wa watoto. Mabuyu yale meupe ya kwenye ganda lenyewe, sio yale mekundu ya sukari. Ukali ule unasaidia mwili kushika madini ya chuma yaliyo kwenye majani na kunde, na chai inafanya kinyume chake. Kwa hivo chai mnywe saa moja kabla au saa moja baada, msinywe na chakula, hasa mama mwenye mimba.

Matunda msinunue ya kutoka mbali. Papai liko karibu mwaka mzima. Maembe yakiingia, mwezi wa 12 hapo, bei inaanguka na kila mtu ale mpaka achoke.

HATUA YA 8: Sahani ya mtoto pakua ya kwanza

Tuna desturi ya sinia moja, ni nzuri na siipingi, lakini mtoto wa miaka miwili mkono wake haushindani na wa kaka yake wa darasa la sita. Mpakulie yake, kitoweo chake ukione kwa macho. Kwa anayeanza kula, miezi sita kwenda mbele, uji uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko, na utie kijiko cha dagaa waliosagwa au tui kidogo, na ziwa aendelee kunyonya. Ile tabia ya kuchanganya nafaka kumi kwenye unga mmoja haina maana, nafaka moja na kitu kimoja cha protini inatosha na tumbo lake halisumbuki.

HATUA YA 9: Gunia la mchicha mlangoni

Mchicha ukipanda leo wiki tatu nne unaanza kuvuna, ukikata juu unachipua tena. Maji ya kuoshea mboga na mchele ndio ya kumwagilia. Kama una ukuta, mpapai mmoja. Kama kuna kuku wa jirani weka chandarua, msigombane.

WIKI INAVYOWEZA KUENDA

Jumatatu pojo za nazi na wali, mchicha. Jumanne sima, zile pojo zilizobaki ziungwe kavu, na majani ya kunde. Jumatano dagaa wa kukaanga, sima, mchunga. Alhamisi muhogo wa nazi na vichwa vya samaki. Ijumaa mnajua wenyewe, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Jumamosi maharagwe na viazi vitamu, hamna haja ya chapati. Jumapili mayai ya mchuzi, au robo nyama iliyokatwa vidogo ikapikwa na kunde. Asubuhi uji, muhogo au viazi vya kuchemsha, na mbaazi za nazi na mahamri mara moja kwa wiki, manake mahamri ya kununua kila siku kwa watu sita ndio hela ya samaki hio.

IKIKUKATALIA

Maharagwe hayaivi. Ama ni ya zamani, ama umetia nyanya au ukwaju mapema, ama maji yako ni ya kisima ya chumvi. Loweka na chemsha kwa maji ya mvua au ya mfereji. Magadi yanalainisha lakini yanaua vitamini, nisingeyatumia.

Tui limekatika. Chakula kizima bado, punguza moto, tia kijiko cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi, koroga. Halitarudi kama mwanzo lakini litashikana.

Vidudu vimeingia kwenye kunde. Anika, pepeta, osha, pika hizo kwanza. Ukiona ukungu, tupa zote.

Napata hela siku kwa siku, gunia nitalitoa wapi? Tenga shilingi 20 kila siku kwenye mkebe, au mpe mmoja wenu awawekee. Kazi ikikosekana usitenge, ikipatikana endelea.

Mume hataki kunde, anataka nyama. Mpikie ile robo na kunde za nazi sufuria moja, usimtangazie. Na msimu wa kaskazi samaki atamnyamazisha.

Mtoto hali majani. Yakate madogo uyatie ndani ya pojo dakika tano za mwisho. Usimpikie chakula chake peke yake wala usimpe biskuti nusu saa kabla ya kula, na usimpige kwa ajili ya chakula.

Ramadhan inanimaliza. Futari ya uji, tende, muhogo au viazi vya nazi na kitoweo kimoja inatosha. Zile sahani sita zinazobaki mpaka daku ndizo zinazomaliza bajeti.

Nimefanya yote na mtoto bado amekonda, au nywele zinageuka rangi, au miguu imevimba. Hapo usibadilishe tena mboga, mpeleke zahanati siku hiohio na kitabu chake cha kliniki. Watampima mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni hatari na anahitaji matibabu, kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji kuongezewa lishe na kufuatiliwa. Uliza pia dawa ya minyoo kama hajapata, na tarehe ya kurudi waandike kwenye kitabu.